Tohara: Idhini ni ya Mzazi, Ridhaa ni ya Mwenye Mwili

Fomu ya tohara huwa na mstari wa sahihi, na chini yake pameandikwa "mzazi au mlezi". Mstari wa mtoto mara nyingi haupo. Nimeipita njia hii tangu siku jambo lilipotajwa nyumbani hadi kidonda kilipofunga, na baadaye nimekaa na wengine walipokuwa wakiipita. Visa vyenyewe sitavisimulia. Mwili uliohusika ni wa mtu mwingine, na habari zake ni zake. Akitaka zijulikane atazisema mwenyewe. Nitaeleza njia ilivyo, hatua kwa hatua, na mahali watu wanapoteleza.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Idhini ni ruhusa, na hutolewa na mwenye mamlaka. Ridhaa hutoka moyoni mwa mwenye jambo. Mzazi anayo idhini. Ridhaa hana, hata akisaini karatasi kumi, kwa sababu si yeye atakayekatwa wala si yeye atakayeishi na kovu. Makosa mengi niliyoyaona yalianza pale watu walipolipata la kwanza wakadhani wamelipata na la pili.

Kabla ya kuuliza lini, uliza kwa nini

Swali la kwanza ambalo familia hupeleka kliniki ni tarehe. Linapaswa kuwa la pili. La kwanza ni sababu, maana sababu ndiyo inayoamua kama jambo linaweza kusubiri, na likiweza kusubiri, mwenye mwili anaweza kuja kuulizwa.

Sababu inayotajwa kwa uhakika kuliko zote ndiyo inayokosewa kuliko zote: "govi lake limebana". Mtoto wa kiume huzaliwa govi likiwa limegandana na kichwa cha uume, kama ukucha ulivyogandana na kidole. Hakuna kilichoharibika. Tando hizo huachana zenyewe kidogo kidogo, kwa wengine wakiwa na miaka 3, kwa wengine 10, kwa wengine wakati wa kubalehe. Utafiti uliofanywa Denmark kwa wavulana wa shule na kuchapishwa mwaka 1968 ulikuta govi lililobana kwa asilimia 8 ya wenye miaka 6 na 7, na kwa asilimia 1 tu ya wenye miaka 16 na 17. Tofauti hiyo ilitokana na muda. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 ambaye govi lake halirudi nyuma hana ugonjwa, na mtu yeyote anayeandika "tohara ya tiba" kwa sababu hiyo pekee ameandika kosa.

Kuna mambo mengine mawili yanayowatisha wazazi bure. La kwanza ni govi kuvimba kama puto mtoto anapokojoa: kama hasikii maumivu na mkojo unatoka, ni hatua ya tando kuachana. La pili ni vijivimbe vyeupe chini ya ngozi, ambavyo watu huvidhania usaha. Ni seli zilizokufa zilizojikusanya, na zitatoka zenyewe.

Kinachodhuru ni kulivuta govi kwa nguvu ili "kusafisha ndani". Ngozi huchanika, huponea na kovu, na kovu hilo ndilo linaloleta kubana kwa kweli. Osha nje tu kwa maji mpaka siku ngozi itakaporudi yenyewe, na wa kwanza kuirudisha awe mtoto mwenyewe. Mfundishe pia kuirejesha mbele kila anapomaliza kuosha. Ikibaki nyuma na kukwama, kichwa cha uume huvimba na damu hukosa njia: hiyo ni dharura ya saa chache. Kikamate kichwa kwa vidole na ukibane kwa uthabiti dakika kadhaa ili uvimbe upungue, kisha jaribu kuirudisha ngozi mbele. Isipokubali, nenda hospitali usiku huohuo.

Kubana kwa kweli kupo, na kuna namna ya kukutambua: mdomo wa govi una pete nyeupe, ngumu, yenye kovu, au unapasuka na kutoa damu, au govi lililokuwa likirudi sasa limekataa. Pete nyeupe ya namna hiyo huweza kuwa ugonjwa wa ngozi ambao kwa kawaida huponywa na tohara, na hapo sioni ubishi wa maadili hata kidogo. Mtoto anatibiwa. Lakini kama ni kubana bila kovu, kuna hatua kabla ya kisu: krimu ya betamethasoni ya asilimia 0.05, mara 2 kwa siku, kwa wiki 4 hadi 8. Inapakwa kwenye pete yenyewe inayobana, baada ya kuivuta ngozi taratibu mpaka ikaze bila kuuma. Watu husema "krimu haikufanya kazi" na ukiuliza unakuta ilipakwa juu ya ngozi ya nje, au iliachwa wiki ya 2. Ikipakwa inavyotakiwa, wengi hawafiki chumba cha upasuaji.

Sababu ninayolishikilia jambo hili kwa uzito ni yale yaliyompata David Reimer, ambayo yanajulikana wazi. Alizaliwa Kanada mwaka 1965, pacha. Wakiwa na miezi michache, yeye na pacha mwenzake walionekana kupata shida ya kukojoa, ikasemwa ni govi kubana. Mwaka 1966 akapelekwa kutahiriwa kwa kifaa cha umeme cha kuchoma, na uume wake ukaungua usitengenezeke tena. Pacha wake hakupasuliwa. Tatizo lake likaisha lenyewe. Kisha watu wazima wakaamua tena bila yeye: akalelewa kama msichana, na hakuambiwa ukweli hadi alipokuwa na miaka 14. Maamuzi mawili makubwa juu ya mwili mmoja, na mara zote mbili mwenyewe hakuwa na la kusema. Alijiua mwaka 2004.

Hesabu za kinga zisomwe zote

Wapo wanaokuja kwa sababu ya kinga, na hawa wanastahili kupewa hesabu kamili, isiyokatwa upande mmoja.

Maambukizi ya njia ya mkojo hupungua kwa watoto waliotahiriwa. Ni kweli. Lakini ni mtoto 1 hivi katika 100 wa kiume anayepata maambukizi hayo utotoni, na mapitio ya tafiti ya mwaka 2005 yalikadiria kwamba lazima watahiriwe watoto 111 ili kumkinga mmoja, huku madhara ya upasuaji wenyewe yakiwapata karibu 2 katika kila 100. Ukiweka tarakimu hizo pamoja, faida kwa mtoto mzima wa afya ni nyembamba sana. Hali hugeuka kwa mtoto ambaye mkojo wake hurudi figoni kwa kiwango kikubwa: huyo, kukinga ugonjwa mmoja kunahitaji tohara 4 tu. Kwa hiyo mzazi aliyeambiwa mtoto wake ana tatizo hilo asibabaishwe na ushauri wa "subiri" uliotolewa kwa watoto wengine.

Upande wa VVU, majaribio matatu makubwa yalifanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda, na matokeo yalitoka mwaka 2005 na 2007. Yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Matokeo hayo ni imara. Ila soma waliohusika: walikuwa wanaume wa miaka 15 hadi 49 walioelezwa na kukubali wenyewe. Mtoto mchanga hana tendo la ndoa la kumwambukiza leo wala kesho. Kinga hiyo ataihitaji miaka mingi mbele, akiwa na umri wa kuichagua. Shirika la Afya Duniani, lilipopitia upya mwongozo wake mwaka 2020, lilielekeza huduma hii kwa vijana wa miaka 15 na zaidi na watu wazima. Uwezo wa kijana kutoa ridhaa ulitajwa, na usalama pia, kwa kuwa wavulana wadogo kuliko hapo walikuwa wakipata majeraha mabaya zaidi, likiwemo tundu linalojitokeza chini ya uume mkojo ukapitia hapo. Na anayetahiriwa kwa sababu hii aambiwe wazi kwamba kondomu bado inahitajika.

Nisichotaka kuficha ni kwamba kusubiri nako kuna gharama. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2010 yalikuta madhara ya aina yoyote kwa wastani wa asilimia 1.5 kwa wachanga, na asilimia 6 kwa watoto wakubwa. Mchanga hupona kwa siku 7 hadi 10. Mtu mzima huhitaji wiki 6. Mzazi anayesema "nilitaka amalize mapema, asije akateseka" hasemi upuuzi. Nampa jibu moja: wengi wa watakaosubiri hawataihitaji kabisa, na watakaoitaka wataingia wakijua wanakokwenda.

Kuna umri ambao kwa maoni yangu ni mbaya kuliko yote, nao ni kati ya miaka 2 na 8. Mtoto hapo ana akili ya kutosha kuogopa na kukumbuka, lakini hana ya kutosha kuamua. Humo ndimo unamokuta uongo wa "tunakwenda kutembea". Uongo huo hulipwa kwa miaka: kila akiona koti jeupe anapiga kelele, na kila mzazi akisema "haiumi" haaminiwi tena.

Dini, ukoo, na wazazi wasiokubaliana

Kwa familia nyingi sababu si tiba wala kinga. Ni imani. Sidharau hilo, na mshauri anayelidharau ajue familia itaondoka kwake na kwenda kwa mtu asiyechemsha vifaa. Wayahudi hutahiri siku ya 8. Kwa Waislamu umri haukufungwa kwenye siku moja, na jamii hutofautiana sana. Kwa hiyo ulizeni kwa mwenye elimu yenu: je, umri huu ni sharti, au ni mazoea ya ukoo? Mara nyingi kilichoonekana kuwa amri ni haraka ya babu aliyetaka kuona kabla hajafa.

Sheria za dunia zenyewe hazijakubaliana. Chama cha madaktari cha Uholanzi kilisema mwaka 2010 kwamba tohara isiyo ya tiba inapingana na haki ya mtoto juu ya mwili wake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikasema mwaka 2012 kwamba faida zinazidi hatari, lakini si kiasi cha kuwatahiri watoto wote, na wazazi waamue. Mwaka huohuo mahakama ya Köln, Ujerumani, iliamua kwamba ni kumjeruhi mtoto. Kabla mwaka haujaisha bunge likapitisha sheria ya kuiruhusu kwa masharti. Sheria ya watoto ya Afrika Kusini ya mwaka 2005 ndiyo iliyoigusa ridhaa kwa karibu zaidi: chini ya miaka 16 ni marufuku isipokuwa kwa sababu ya dini au tiba, juu ya hapo kijana mwenyewe lazima aridhie baada ya kupewa ushauri, na kila mtoto wa kiume, kwa kadiri ya umri na ukomavu wake, ana haki ya kukataa.

Wazazi wawili wakitofautiana, simamisheni. Uingereza mahakama zimeshasema kwamba hili si jambo la mzazi mmoja kulifanya huku mwenzake akipinga. Hata pale sheria inaponyamaza, mtoto kupelekwa na baba wakati mama hayupo, au na bibi wakati wote wawili hawajui, huacha ufa nyumbani ambao hakuna mshono unaouziba.

Hapa niseme la wasichana, ingawa ni fupi kwa sababu halina pande mbili. Ukeketaji hauna faida yoyote ya afya, katika aina zake zote 4, na UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba wanawake na wasichana zaidi ya milioni 230 walio hai wamefanyiwa. Idhini ya mzazi haiwezi kuuhalalisha. Kuufanya kliniki kwa ganzi na glavu safi hakuubadilishi. Na watoto wanaozaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida ya kike wala ya kiume, wanaopasuliwa ili "waonekane sawa", wako kwenye swali hilohilo. Malta ilipiga marufuku upasuaji huo usio wa lazima mwaka 2015.

Namna ya kumuuliza

Kijana aliyefika umri wa kuelewa asiulizwe mbele ya wazazi. Aulizwe peke yake, na mtu asiyelipwa kwa kukata, na isiwe siku ya upasuaji. Wiki 1 kati ya mazungumzo na tarehe ni kidogo ninachokubali.

"Umekubali?" ni swali bovu. Kichwa kitatikiswa na hutajua kitu. Mwambie akueleze kwa maneno yake: kitakatwa nini, je kitaota tena, kutauma lini na kwa muda gani, atakosa shule siku ngapi, nini kinaweza kuharibika. Akishindwa kujibu hilo la mwisho, hajaelezwa. Kisha muulize: nini kitatokea ukikataa? Akijibu "hakuna, nitabaki hivihivi", ridhaa yake ni huru. Akijibu "baba atanifukuza" au "wenzangu watanicheka", umeshajua nani anayeamua. Kuchekwa na rika ni maumivu ya kweli na asikemewe kwa kuyataja. Kinachotakiwa ni kuyapima pamoja naye, aone kama ndiyo sababu anayotaka kuibeba maisha yake yote.

Zawadi za masharti, simu mpya au baiskeli "ukitahiriwa", ziondoeni mezani. Tarehe isitangazwe kwa ndugu kabla kijana hajasema neno, maana wageni wakishaalikwa hakuna tena uhuru wa kurudi nyuma. Mwambieni waziwazi kwamba anaweza kubadili mawazo hata akiwa amelala kitandani, na mkubaliane ishara, mkono kuinuliwa, inayosimamisha kila kitu. Na mtoto anayehitaji watu wanne wa kumshika kwa jambo lisilo la dharura ameshatoa jibu lake. Rudini nyumbani.

Siku yenyewe

Gharama inayotajwa ni ya upasuaji. Uliza kama imejumuisha ganzi, dawa za maumivu, na ziara mbili za kuangalia kidonda, na kama kutatokea tatizo nani atalipa marekebisho. Hesabu pia siku ambazo mzazi hatakwenda kazini.

Umwambie mtoa huduma mambo haya kabla hajauliza: kama kuna mtu katika ukoo anayetoka damu isiyokoma, kama mchanga alipata sindano ya vitamini K alipozaliwa, kama alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na kama tundu la mkojo liko chini badala ya kwenye ncha. Hili la mwisho humaanisha tohara isifanywe, kwa sababu govi huenda likahitajika kama ngozi ya kutengenezea njia ya mkojo. Uume uliopinda au uliozama kwenye mafuta nao uonwe kwanza na daktari mpasuaji.

Ganzi si hiari. Utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba wavulana waliotahiriwa wakiwa wachanga walionyesha maumivu makali zaidi kwenye chanjo miezi kadhaa baadaye kuliko wasiotahiriwa, na krimu ya ganzi ilipunguza tofauti hiyo. Maji ya sukari husaidia kutuliza lakini hayatoshi peke yake. Krimu hutaka dakika 60 hadi 90 kabla. Ikipakwa dakika 10 kabla ni mafuta tu. Sindano ya lidokeini, dawa ya ganzi, isizidi miligramu 3 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 3 anavumilia miligramu 9, yaani mililita 0.9 za dawa ya asilimia 1. Dawa ya asilimia 2 ikichukuliwa kwa kujazia sindano ileile, kipimo kimezidi maradufu. Ndiyo maana mtoto apimwe uzito siku hiyohiyo, na kichupa kisomwe kwa sauti. Isiwe yenye adrenalini. Baada ya sindano, kusubiri dakika 3 hadi 5, kisha kubana ngozi kwa koleo dogo kujaribu kama inasikia. Hapo ndipo haraka huingia, na hapo ndipo mtoto hulia kilio ambacho mzazi hatakisahau.

Ulizeni njia itakayotumika. Pete ya plastiki hudondoka yenyewe kati ya siku 5 na 10. Ikichelewa, au ikiteleza kwenye shina la uume, irudishwe kliniki. Kwa wavulana walio chini ya miaka 15, njia ya kulivuta govi mbele na kulibana kwa koleo bila kukiona kichwa imeachwa, kwa sababu kichwa kimewahi kukatwa pamoja nalo. Njia ya kulipasua kwanza kwa juu humwonyesha mkataji anachokata. Kifaa cha umeme cha kuzuia damu kisigusane na kibano cha chuma. Na kiasi cha kukata kijadiliwe: ngozi ikiondolewa nyingi mno, mwanamume atasikia kuvutwa kila anaposimamisha, na ngozi iliyokwenda hairudi.

Wiki zinazofuata

Saa 24 za kwanza angalieni damu. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 240 hivi, mililita 80 kwa kilo. Vijiko 5 vya chai vikitoka, sehemu moja ya kumi imekwenda. Kwenye nepi hiyo huonekana ni doa tu, na wazazi hulala nalo. Doa dogo lisiloongezeka si tatizo. Likiongezeka, bana kwa shashi safi dakika 10 bila kufunua kuchungulia, na kama bado linatoka, safari ianze huku umebana.

Siku ya 2 au ya 3 hutokea utando wa njano kwenye kichwa cha uume. Si usaha, msiusugue. Mafuta ya mgando yapakwe kila nepi inapobadilishwa ili isigande. Majivu, unga wa vidonge na dawa za kuelekezwa na jirani zisiguse kidonda. Harufu mbaya, wekundu unaopanda kuelekea tumboni, homa, au kutokojoa kwa saa 12 ni sababu ya kurudi bila kungoja asubuhi. Parasetamoli, miligramu 15 kwa kilo kila saa 6, itolewe kwa saa siku ya kwanza na ya pili, isingojewe mpaka alie. Kwa mchanga wa chini ya miezi 2 kipimo akitaje daktari. Aspirini asipewe mtoto.

Kwa kijana na mtu mzima, kusimama kwa uume usiku ndiko kunakotesa. Kukojoa kabla ya kulala, kulala ubavu magoti yakiwa yamekunjwa, na kuamka kutembea kidogo husaidia. Bendeji hutolewa ndani ya siku 2, kidonda huangaliwa siku ya 2 na ya 7, nyuzi huyeyuka zenyewe kwa wiki 2 au 3. Ngono na kujichua ni baada ya wiki 6 kamili. Siku ya 20 ngozi huonekana imepona, na wengi huanguka hapo. Chini bado ni laini, huchanika, na mwenye VVU huambukiza kwa urahisi zaidi katika kipindi hicho, kama ambavyo asiye na virusi huvipata kwa urahisi zaidi.

Madhara mengine hujitokeza baada ya miaka. Mkojo wa mtoto ukiwa uzi mwembamba unaoruka juu, tundu limesinyaa na linatibika. Daraja la ngozi kati ya shina na kichwa likatwe na mtaalamu, lisivutwe nyumbani.

Na kuna la moyoni, ambalo kliniki haliandiki. Wapo waliotahiriwa wachanga na hawajawahi kuliwaza. Wapo wanaolia wakiwa na miaka 30, na kuambiwa "mbona kila mtu" huwazidishia. Wapo wazazi wanaoona wametimiza wajibu, na wengine huangalia kovu wakati wa kuogesha wakajiuliza. Anayesema ameumia asikilizwe kabla ya kutetewa uamuzi.

Andikeni kumbukumbu: tarehe, njia iliyotumika, sababu iliyotajwa, jina la aliyefanya, tatizo lililotokea na jinsi lilivyotibiwa. Iwekwe pamoja na kadi ya chanjo, na akifika umri wa kuuliza apewe karatasi yote. Kama sababu ilikuwa imani, mwambieni ni imani, msiitafutie ugonjwa ambao hakuwa nao. Akiuliza kwa nini hakungojewa, jibuni lile mlilolijua siku ile, kisha nyamazeni aseme yeye.